Jumapili Mia Tatu na Kumi na Tatu

Voi,
3 Agosti 1981

Mpendwa Nzembi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni pa posta, nikaisoma tena njiani mpaka mwenye baiskeli akanitukana. Niambie tena ili niamini. Bwana Maundu, mkuu wako hapo penye kompyuta, amesema amechoka na vyeti? Nafasi ya kujifunza uandishi wa programu atampa yeyote atakayemwekea mezani programu yake mwenyewe, iliyokwenda, yenye majibu ya kweli, kufikia Ijumaa tarehe 16 Oktoba? Yeyote? Hata mpiga taipu wa Voi ambaye kompyuta ameiona kwenye picha tu?

Basi nimeshaanza. Unakikumbuka kitabu cha Fortran, ile lugha ya kompyuta, alichoniachia mwalimu wetu wa hesabu. Nimekisoma miaka miwili kama wengine wanavyosoma Zaburi, na hakuna hata mstari wangu mmoja uliowahi kusomwa na mashine. Ni sawa na kujifunza kupika bila moto wala sufuria.

Nitatumia mvua ya Baba. Amepima mvua kule Werugha tangu nikiwa mgongoni. Kipimamvua kiko ndani ya ua wa shule aliyofundisha, na hata baada ya kustaafu huenda kila asubuhi, humimina maji kwenye kigilasi chembamba, husoma milimita, huandika. Pasipo na mvua huweka kistari. Daftari haliruhusiwi kutoka nyumbani, kwa hiyo nimelinakili mezani pake kwa wikendi nne, mwaka 1975 hadi 1980, tarehe baada ya tarehe.

Programu itajumlisha mvua ya kila mwezi na kuonyesha vuli huanza lini hasa. Halafu nimeweka jaribio, nalo ndilo ninalojivunia. Programu itatafuta kila tarehe ilikuwa siku gani ya wiki, kisha itagawa mvua yote katika mafungu saba. Mvua haijui Jumanne wala Alhamisi. Mafungu yakitoka karibu sawa, nitajua programu inahesabu vizuri. Yasipolingana, nitajua nimekosea.

Nakutumia karatasi zote. Tarakimu za mvua sina nakala, zitunze. Toboa kadi saa ya chakula kama ulivyoahidi, kila mstari wangu kadi yake, uziingize kwenye mashine ikiwa haina kazi.

Katuku, ninayekaa naye chumba kimoja, ameniona nikijaza visanduku akauliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema kompyuta. "Nayo itakujibu?" Nikasema ndiyo. "Basi inamshinda mchumba wangu," akasema, akazima taa.

Wako,
Tryphena Mkamburi


Nairobi,
14 Agosti 1981

Tryphena wangu,

Kaa chini kwanza. Makosa arobaini na moja.

Usilie. Nimemuuliza fundi wa mashine, akacheka mpaka akashika meza. Kila mstari wako umeanzia safu ya sita ya kadi. Unatakiwa kuanzia ya saba. Ukianzia ya sita, mashine hudhani mstari huo ni mkia wa ule uliotangulia, kwa hiyo imeisoma programu yako yote kama sentensi moja ndefu ya mlevi.

Kweli nikwambie, niliona tangu kadi ya kwanza kwamba kuna kitu hakikai sawa. Lakini sisi watoboaji tumefundishwa: toboa kilichoandikwa, usifikiri. Nzembi wa kufikiri humwacha langoni kwa askari asubuhi, namchukua saa kumi na moja jioni.

Kadi za mvua ziko salama, mia moja arobaini na nne, kila moja nusu mwezi. Nimezifunga kwa mpira na kuzificha nyuma ya sufuria ya chai. Leta programu upya.

Nzembi


Voi,
21 Agosti 1981

Nzembi,

Siku kumi na nane kwa upana wa herufi moja! Katika kitabu ukurasa ule una doa la chai, na mimi nikaamini doa.

Leo ofisini nimepiga barua kumi na sita kwa taipu. Mkuu wangu husema, "Andika ile ya kawaida," nami naandika, na anayeipokea anaelewa, kwa sababu binadamu hujaza mwenyewe kilichokosekana. Nimegundua kwamba maisha yangu yote nimeandika kwa watu wanaonisaidia kusema. Hata wewe. Nikikuandikia "unajua", unajua. Mashine hiyo haijui kitu. Haina kawaida, haina "si unaelewa". Ni msomaji wa kwanza maishani mwangu asiyenifanyia hisani, na nimeshindwa mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na bado ninamtaka. Nikiwa naandika programu, kelele za Voi zote huniondoka, treni, lori za Taveta, redio ya jirani. Kisha nalamba bahasha, na inabidi ningoje wiki tatu kuambiwa nimesahau nini. Mtu wa Nairobi akikosea asubuhi anajua mchana. Mimi nikikosea Agosti ninajua Septemba.

Nimeandika yote upya, nimehesabu safu kwa rula.

Tryphena


Nairobi,
8 Septemba 1981

Tryphena,

IMEKWENDA! Imekwenda mara moja, bila kukohoa. Miezi yote imetoka na jumla zake, vuli inaonekana ikianza mara Oktoba mwishoni, mara katikati ya Novemba. Nimekuwekea karatasi ya mashine humu ndani, yenyewe hasa, usiikunje tena.

Yale mafungu yako saba ni haya, milimita kwa miaka sita:

Jumatatu 2041
Jumanne 1017
Jumatano 1066
Alhamisi 988
Ijumaa 1039
Jumamosi 1024
Jumapili 0

Hiyo ya mwisho sijui ni nini, lakini nyingine ni nzuri. Nimpe Bwana Maundu? Yuko na furaha wiki hii, mkewe amejifungua.

Nzembi


Voi,
13 Septemba 1981

Nzembi,

USIMPE. Nakuomba kwa urafiki wetu, usimpe.

Jumapili sifuri! Miaka sita ina Jumapili mia tatu na kumi na tatu, nimezihesabu, na mvua isinyeshe Werugha hata moja? Nami nimenyeshewa nikitoka kanisani zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Na tazama Jumatatu, mara mbili ya wenzake. Programu yangu inachukua Jumapili na kuitupa ndani ya Jumatatu.

Nadhani ninajua ni wapi. Ili kupata siku ya wiki ninagawanya kwa saba na kutazama kinachobaki. Jumapili hubaki sifuri, na katika Fortran masanduku ya kuwekea hesabu huanza na namba moja. Sifuri haina sanduku. Niliweka mstari wa kulishughulikia hilo, na sasa siuamini. Nimeing'oa sehemu yote na kuiandika kwa njia nyingine kabisa.

Fikiria ningempa Maundu karatasi hiyo. Msichana wa Taita ametunga jaribio la kuonyesha programu yake ni sahihi, na jaribio lenyewe limemwambia si sahihi. Ningejifukia.

Karatasi mpya ziko ndani. Fanya haraka, Nzembi, tafadhali. Ninakula bila kuonja.

Tryphena


Nairobi,
30 Septemba 1981

Tryphena,

Samahani kwa kuchelewa. Mashine ilikuwa na kazi za mwisho wa mwezi, na kuna mambo mengine madogo ambayo si ya kukusumbua.

Jumapili 0. Jumatatu 2041. Hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika.

Nimechukua kalenda ya zamani ya fundi na kujaribu tarehe kumi kwa mkono. Siku zote kumi programu yako imezitaja sawa. Mimi si mwandishi wa programu, lakini nimeitoboa hii mara tatu, na nimeanza kuifuata kama mtu anayefuata wimbo. Sioni inapokosea.

Zimebaki wiki mbili. Nimpe?

Nzembi


Voi,
2 Oktoba 1981

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote na ng'ombe wamepata nafuu. Mimi ni mzima, ila joto.

Baba, ile kazi niliyokuwa nikinakili daftari lako inaendelea vizuri. Nina swali dogo tu, wala si la haraka. Je, katika miaka ile kipimamvua kiliwahi kupasuka au kuvuja, au kuhamishwa? Nauliza kwa ajili ya ukamilifu tu.

Nisalimie Mama na wote.

Binti yako,
Tryphena Mkamburi


Werugha,
7 Oktoba 1981

Kwa binti yangu Mkamburi,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku hatujambo, ng'ombe mmoja bado anachechemea. Baada ya salamu, nimepokea barua yako na nimeisoma mbele ya mama yako, naye pia ameshangaa.

Kipimamvua hakijavuja. Hakijapasuka. Hakijahamishwa hata hatua moja tangu mwaka 1958 tulipokisimika, mimi na marehemu Mwalimu Reuben. Tangu hapo sijakosa hata siku moja ya kazi, si kwa homa, si kwa msiba wa baba yangu, ambapo nilipima kwanza ndipo nikaenda kuchimba kaburi. Nimeandika nilichokiona. Sikuongeza na sikupunguza.

Kama hiyo mashine ya Nairobi inasema vingine, basi ni hiyo mashine ichunguzwe. Haijaamka saa kumi na mbili kwenye ukungu wa Werugha.

Uje nyumbani ule chakula. Katuku aliyepita hapa kununua kabichi anasema umekonda.

Baba yako,
Mwalimu Gibson Mwandawiro


Voi,
11 Oktoba 1981

Nzembi,

Nakuwekea barua ya Baba usome ucheke, maana mimi nimeshindwa kucheka. Nilizunguka zunguka nikaogopa hata kumuuliza vizuri, na kwa swali hilo dogo nimemuudhi mzee wangu. Sasa yeye anadhani namwita mzembe, na mimi bado nina Jumapili sifuri.

Kwa hiyo daftari ni safi. Kosa ni langu. Liko ndani ya ukurasa wa pili wa programu na linanitazama. Nimekaa nalo siku tatu. Ninapiga taipu barua za mkuu wangu na chini ya kila neno naona mgawanyo wa saba. Jana nimemwandikia mteja "tarehe sifuri Oktoba", nikaitwa ofisini, nikaulizwa kama nina mgonjwa nyumbani.

Usimpe Maundu. Najua ni Ijumaa. Afadhali nisitoe kitu kuliko kutoa kitu ambacho mimi mwenyewe najua ni kibovu. Nikipata kosa kabla ya Alhamisi nitapiga simu kutoka posta.

Tryphena


Voi,
2 Novemba 1981

Nzembi,

Sikupiga simu kwa sababu sikupata kosa. Tarehe 16 imepita, nami nimebaki kama mtu aliyekosa treni na bado amesimama jukwaani na mzigo wake.

Lakini wewe mbona kimya? Wiki tatu. Hata kunitukana? Unaumwa? Nasikia Nairobi kuna homa. Nafasi alipewa nani? Nimeshajizoeza kuisikia habari hiyo, niambie tu.

Tryphena


Nairobi,
13 Novemba 1981

Tryphena,

Nafasi nimepewa mimi.

Nimeandika mstari huo na kuutupa mara tano. Sasa umekaa, niache niseme yote.

Ile Septemba Maundu alinifumania na kadi zako saa ya chakula. Nilipewa barua ya onyo. Sikukwambia kwa sababu ungeacha. Kuanzia hapo nilikuwa nikija Jumamosi, fundi akinifungulia.

Bahasha yako yenye barua ya baba yako niliipata Alhamisi tarehe 15. Niliisoma nikicheka kama ulivyotaka, mpaka nikafika mahali anaposema hajakosa hata siku moja ya kazi. Nikaacha kucheka. Nyumbani kwetu tunapanda maharagwe hata Jumapili mvua ikianguka, mama husema Mungu anaona shamba. Lakini nimesoma nanyi bwenini, nawajua. Mlikuwa hamfui hata leso siku hiyo. Nikajiuliza, siku za kazi ni zipi kwa mzee wa kanisa wa Werugha?

Ijumaa asubuhi nilikuwa na karatasi ya mashine mezani na barua ya mzee kando yake, nikitaka kukupigia simu ofisini kwenu. Maundu akapita. Uliniambia nisimpe, na sikumpa. Aliikuta. Aliitazama akasema, "Nani huyu ambaye mvua yake huenda kanisani?" Nikasema, "Bwana, nadhani si mvua inayoenda kanisani. Ni mzee anayeipima."

Hakucheka. Alivuta kiti. Akaniambia nimweleze programu, nami nilikuwa nimeitoboa mara tatu, nikamweleza mstari kwa mstari. Nikamwonyesha Jumatatu, kwamba maji ya siku mbili yamesomwa pamoja, na kwamba jaribio lililoona hilo limefanya kazi yake barabara. Akasema, "Kuandika programu nitakufundisha. Kutazama majibu ukamwona mtu nyuma yake, hilo sijui hufundishwa vipi."

Nilitaja jina lako. Nilisema mara mbili kwamba programu ni yako, na kwamba umenikataza kuitoa kwa kudhani ina kosa. Akauliza, "Huyo ndiye aliyekwambia ina kosa?"

Nikanyamaza.

Tryphena, nina mama na wadogo wanne Voi hapo hapo, unawajua. Mshahara wa kutoboa kadi unaujua pia. Lakini sikunyamaza kwa ajili yao. Nilinyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu katika jengo hili aliniuliza ninafikiri nini, na sikutaka amalize kuniuliza.

Programu yako ilikuwa sahihi tangu tarehe 8 Septemba.

Nzembi


Voi,
23 Novemba 1981

Nzembi,

Jumamosi nilipanda Werugha. Jana tumekwenda kanisani kwa miguu, Baba mbele na koti lake jeusi, Mama na mimi nyuma. Kulikuwa kumenyesha alfajiri, njia ina utelezi. Tulipita kando ya ua wa shule. Kipimamvua kinaonekana kutoka barabarani. Baba hakugeuza hata shingo.

Nikasema, "Baba, leo hupimi?"

Akasimama, akanitazama kama nimemuuliza kama atachinja mtu. "Leo? Mkamburi, leo ni Jumapili."

"Na maji ya leo?"

"Yatangoja Jumatatu. Yataenda wapi?"

Mama akasema, "Huyu mtoto Voi imemfanya nini?" Wakaendelea.

Vistari vya Jumapili katika daftari nilivinakili kama siku zisizo na mvua, kumbe ni siku ambazo hakupima. Nimepita kando ya ua ule kila Jumapili ya utoto wangu, nimevaa soksi nyeupe, nimeshikwa mkono. Nilijua. Kama mtu angeniuliza, ningejibu kabla hajamaliza swali. Lakini hakuna aliyeuliza, na mimi sikujiuliza, kwa sababu katika vitu vyote vilivyokuwa mezani, mashine, daftari, Baba na mimi, mmoja tu ndiye niliyekuwa tayari kumshuku. Nilimshuku kwa miezi miwili. Barua ya Baba nilikaa nayo siku tatu nikiisoma kama hasira ya mzee. Wewe uliisoma mara moja.

Sijakusamehe. Usiniambie kuhusu wadogo zako, nawapenda, hawamo katika hili. Ulinyamaza pale palipohitaji maneno manne, "Ndiyo, na alikosea kujilaumu," au matatu, chagua mwenyewe. Lakini nimejaribu pia kujiweka mimi kwenye kile kiti. Maundu ameniuliza mvua ya nani inayoenda kanisani. Najua ningejibu nini. Ningesema, "Samahani Bwana, programu ina kosa," na ningekusanya karatasi zangu nikaondoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wewe.

Tarakimu za mvua nirudishie kwa posta ya rejista.

Tryphena Mkamburi


Voi,
30 Novemba 1981

Kwa Bwana Maundu,

Mimi naitwa Tryphena Mkamburi Mwandawiro. Ni mpiga taipu. Mimi ndiye niliyeandika programu ya mvua ya Werugha uliyoikuta mezani kwa Bi. Nzembi tarehe 16 Oktoba, na mimi ndiye niliyesema ina kosa. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kusema hivyo.

Najua nafasi imejazwa, na aliyeijaza anaistahili. Siombi uibatilishe. Ninachotaka kukueleza ni kwamba programu hiyo niliiandika bila kuona mashine, kwa posta, nikingoja wiki tatu kila nilipouliza swali, na ilikwenda mara ya pili. Ningependa kujua ningeweza kuandika nini nikiwa chumba kimoja na hiyo mashine.

Nimeomba ruhusa kazini ya siku mbili. Nimenyimwa. Nitasafiri hata hivyo, na nimeshamwambia mkuu wangu, naye ameshatafuta mtu wa kiti changu.

Tafadhali usinijibu kwa barua. Nimechoka na barua. Jumatatu tarehe 7 Desemba, ofisi yako ikifunguliwa, nitakuwa kwenye benchi la mapokezi. Ukiwa na la kuniambia, hata kama ni hapana, niambie hapo, nami nitakujibu hapo hapo.

Wako mtiifu,
Tryphena M. Mwandawiro